Kahawa ya Wanale na Njia ya Chepkube

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko Jinja, Mbale na katika vituo vya mpakani: wengi wenu mmepata kulinda vijia vinavyoteremka kutoka Mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon, kuelekea Kenya. Waliowatangulia katika kazi hiyo wanaikumbuka miaka ya 1976 na 1977, wakati jina la Chepkube lilipovuma kuliko la kituo chochote cha forodha. Katika mazungumzo yetu ya leo yafaa tuulize ni nani hasa aliyeikimbiza kahawa ile.

Mwezi wa Julai 1975 baridi kali ya kugandisha iliiunguza mibuni ya Brazil, nchi inayozalisha kahawa nyingi kuliko zote. Bei ya dunia ikapanda, na kufikia Aprili 1977 ilikuwa imepita dola 3 za Marekani kwa ratili. Neema hiyo haikupanda hadi Wanale. Mkulima wa genge lile linalouinamia mji wa Mbale alitakiwa kuuza buni yake kwa ushirika, nayo iuzwe nje kwa mkono wa serikali, kwa bei ya shamba iliyopangwa Kampala. Alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, mara nyingi kwa kuchelewa, na kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza nguvu kila mwezi. Ng'ambo ya mpaka, katika soko dogo la Chepkube wilayani Bungoma, wanunuzi walilipa taslimu kwa fedha ya Kenya, ambayo ilinunua sabuni, chumvi na nguo. Basi kahawa ikapanda migongo ya punda na vichwa vya watu, ikavuka.

Serikali ya Idi Amin ilikuwa imekwisha kutoa amri mwaka 1975 ya kuunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, yenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo kwa magendo. Askari wakapelekwa mlimani. Kahawa haikukoma kuvuka. Na tuseme kweli, baadhi ya waliotumwa kuizuia walikuwa na magunia yao katika misafara ile ile.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kusema kwamba utaratibu wa kumpunja mkulima ulibuniwa na Amin. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, serikali ya kikoloni ilinunua pamba na kahawa ya Uganda kwa bei iliyo chini ya ile ya dunia, na ziada ikawekwa akiba London. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumkinga mkulima siku bei itakapoanguka. Akiba ikakua, na sehemu yake ikatumiwa katika mipango ya maendeleo ambayo mwenye jasho hakuulizwa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilizaliwa katika ugomvi huo wa bei. Baada ya Uhuru wa mwaka 1962 watawala wapya walikirithi chombo hicho kikiwa kizima.

Mwaka huo huo wa 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilitia sahihi mkataba wa kugawana soko kwa viwango. Marekani, yenye hofu ya kuona Amerika ya Kusini ikifuata njia ya Cuba, iliukubali. Hofu ilipopungua, na subira nayo ikapungua. Tarehe 4 Julai 1989 viwango vilisimamishwa, na bei ikaanguka karibu nusu. Uganda wakati ule ilitegemea kahawa kwa zaidi ya tisa ya kumi ya mapato yake ya nje. Ulaya ilikuwa na mfuko wa fidia chini ya Mkataba wa Lomé wa 1975, lakini mauzo ya nchi nyingi yalipoanguka kwa pamoja, fungu halikutosha madai. Tena fidia hiyo ilikwenda Hazina, si Wanale.

Wakati huo huo wakopeshaji, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, ambao Uganda ilikubaliana nao mpango wa kufufua uchumi Mei 1987, walitaka biashara iachwe huru. Kuanzia 1990 na 1991 Bodi ya Kahawa haikuwa tena muuzaji pekee. Hapa hatuna budi kuwa wakweli: fungu la mkulima katika bei ya nje liliongezeka sana, na faida ya kuvusha gunia usiku ikapungua. Jambo ambalo hukumu ya kifo haikuliweza, bei iliyokaribia haki ililiweza kwa kiasi kikubwa. Lakini sakafu nayo iling'olewa. Ushirika wa Bugisu ukabanwa na wanunuzi wenye mitaji, na mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ukawa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Mkulima alikuwa amepata fungu kubwa la kitu kidogo.

Februari 2022 Uganda ilijitoa katika mkataba wa kimataifa wa kahawa. Miongoni mwa malalamiko yake yalikuwa vikwazo vinavyoikabili kahawa iliyokwisha kutengenezwa, ilhali buni mbichi haizuiliwi mlango wowote.