Maji ya Milimani na Haki ya Zamu

Sisi tukaao Changamwe, Kisauni na Likoni twajua thamani ya ndoo moja ya maji. Yafaa basi tukumbuke hekima ya milimani. Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo. Maji ya kijito yakakusanyika usiku, na mchana yakafunguliwa mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Wachaga nao waliongoza maji kwa mifongo katika miteremko ya Kilimanjaro. Aliyeacha kazi ya kuzibua mfereji alitozwa faini au alinyimwa maji.

Katika miaka ya 1950 bomba la Mzima liliiletea Mombasa maji yatokayo chini ya vilima vya Chyulu, lakini bomba halikuleta desturi ile. Basi penye kisima cha mtaa, tutoke sote kukisafisha, na mjane apate zamu sawa na tajiri.