Mgema na wanaomsifu

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wiki hii, ndugu msikilizaji, nimemkumbuka mgema huyo nilipokuwa nikipitia historia ya mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye televisheni tu: kandanda la Kimarekani, lile la kofia ngumu na mpira wa umbo la yai.

Katika mchezo huo yupo mchezaji wa pembeni ambaye kazi yake ni kumtoka mlinzi na kudaka mpira anaorushiwa na mwenzake. Tumwite mdakaji. Anaweza kukimbia jioni nzima, akamwacha mlinzi mbali, na mpira usimfikie. Hawezi kuutafuta mwenyewe. Ni lazima mrushaji amwone. Hapo ndipo manung'uniko yanapozaliwa. Mwaka 1978 sheria zilibadilishwa, walinzi wakakatazwa kumsukuma mdakaji akishavuka yadi tano. Tangu hapo wadakaji wakawa nyota wakubwa, na fedha zikafuata.

Mwaka 1996 kijana Terrell Owens alijiunga na timu ya San Francisco. Alimkuta Jerry Rice, mtoto wa fundi mwashi kutoka Mississippi, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mdakaji bora kuliko wote. Rice alisifika kwa mazoezi makali ya kupanda vilima. Alicheza misimu 20 na kudaka mipira 1,549. Naye alitaka mpira, lakini jina lake lilibaki kwenye kazi.

Owens naye hakuwa mvivu. Desemba 2000, katika mechi ya mwisho ya Rice nyumbani kwa San Francisco, Owens alidaka mipira 20, rekodi kwa wakati ule. Lakini Septemba mwaka huohuo, wakicheza ugenini Dallas, alifunga akakimbia hadi katikati ya uwanja na kusimama juu ya nyota, ambayo ni nembo ya wenyeji. Alifunga tena, akarudi palepale, safari hii akapigwa kikumbo na mlinzi. Kocha wake mwenyewe alimsimamisha wiki moja.

Mwaka 2004 alihamia Philadelphia. Akavunjika mguu Desemba, na wiki saba baadaye akacheza fainali, akadaka mipira tisa. Huo ni ushujaa, tusimnyime haki yake. Miezi michache baadaye alidai mkataba mpya, akagombana na mrushaji wake hadharani, na Novemba 2005 akasimamishwa. Timu iliyokuwa imefika fainali ikamaliza msimu kwa kushinda mechi 6 na kupoteza 10.

Je, baada ya hapo nani alimwajiri? Dallas! Walewale ambao alisimama juu ya nyota yao walimpa mkataba wa dola milioni 25 mwaka 2006. Mwaka 2009 wakamwacha. Akapita Buffalo, kisha Cincinnati, na baada ya msimu wa 2010 hakucheza tena katika ligi hiyo kuu. Mwaka 2018 alipoingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, hakwenda kwenye sherehe. Alitoa hotuba yake katika chuo alichosoma, Chattanooga.

Wapo wanaosema nafasi ya mdakaji ndiyo inayomharibu mtu. Mimi sikubali. Rice na Owens walivaa jezi moja na kumsubiri mrushaji yuleyule. Lakini pia sikubali kwamba kosa ni la Owens peke yake. Nimekaa nyuma ya kipaza sauti miaka mingi, nami nakiri kwamba kijana mwenye vituko hunipa habari kuliko mwenye nidhamu. Viongozi humsamehe akiwa anafunga, mashabiki humshangilia, nasi watangazaji humwita mfalme. Miguu ikichoka, sote kwa pamoja tunagundua kuwa hana adabu.

Mgema ametia maji, ni kweli. Lakini tuliokuwa tumeshika kata, tukinywa na kusifu, tulikuwa ni akina nani?