Kofia ya Mkono na Kofia ya Mashine

Kofia ni vazi dogo lenye historia ndefu. Wengi wetu huyasifu maua yake tusiulize ni nani aliyeyashona, kwa muda gani, na kwa ujira gani. Maswali hayo yafaa kuulizwa, maana kofia iliyodariziwa kwa mkono na ile ya mashine hupangwa pamoja sokoni, na bei zake hazilingani hata kidogo.

Tuanze na lugha. Kudarizi ni neno lenye ukoo na neno la Kiajemi lenye maana ya mshono, na Wahindi humwita fundi wa nguo darzi. Neno cherehani nalo lina asili yake katika neno la Kiajemi la gurudumu. Bahari ya Hindi ilituletea maneno pamoja na vitambaa, na mafundi wetu wakayatia katika msamiati wao wenyewe. Kanzu ina badani, taharizi na kaba; na ile isiyo na darizi huitwa kanzu ya mfuto.

Kofia ya viua ina sehemu kuu mbili: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kitambaa cheupe cha pamba huwekwa tabaka, kikachorwa, kisha safu za mishono midogo hubana tabaka hizo hata kofia ikasimama bila kulegea. Viua ni vitundu vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi ukingoni. Hupamba kofia na kupitisha hewa. Kofia moja nzuri huchukua majuma mengi, pengine miezi. Unguja, kazi hii imefanywa sana na wanawake majumbani, katika saa walizoziiba baina ya jiko na watoto.

Wala kofia haikuwa halali kwa kila kichwa. Katika Unguja ya karne ya 19, mtumwa hakutakiwa kufunika kichwa chake kama mwungwana. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walijinunulia kanzu na kofia, na wanawake wakajifunga kanga. Kwao kofia ilikuwa ushahidi, uliovaliwa hadharani, kwamba mtu sasa ni mali yake mwenyewe.

Wakati huo cherehani ilikuwa imekwisha kuzaliwa mbali na kwetu. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati ya mashine yake mwaka 1830, na muda mfupi baadaye washonaji wa Paris, kwa kuogopa kukosa riziki, wakazivunja mashine za karakana yake. Huko Marekani, Elias Howe alipata hati yake mwaka 1846 na Isaac Singer mwaka 1851. Kampuni ya Singer iliuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, nazo zikaingia majumbani duniani kote, hata zikafika kwenye baraza za pwani yetu. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi alibuni mashine ya kudarizi yenye sindano nyingi. Siku hizi mashine za namna hiyo huongozwa na kompyuta.

Hapa yatupasa kutofautisha mashine na mashine. Katika cherehani ya nyumbani sindano hupanda na kushuka mahali pamoja, na mkono wa mshonaji ndio uongozao kitambaa. Uamuzi wa kila mshono ni wake. Katika mashine kubwa ya kudarizi, fremu hubeba kitambaa na kukisogeza kwa kufuata mchoro uliohifadhiwa. Mwanadamu hubadilisha uzi na kulinda usikatike. Washonaji wa mifarishi huko Marekani wanalijua suala hili. Cherehani ya nyumbani huwalazimisha kuukunja mfarishi mzito na kuusukuma chini ya mkono wake mfupi. Mashine ya mkono mrefu huutandaza mfarishi katika magogo, na kichwa cha mashine ndicho kitembeacho juu yake. Wako wanaoshona vipande wenyewe, kisha wakamlipa mwenye mashine hiyo aumalize mfarishi. Nao wapo waulizao kazi hiyo ni ya nani.

Hatusemi mashine ivunjwe, kama walivyofanya watu wa Paris. Kofia ya bei nafuu imemwezesha mwenye kipato kidogo kwenda msikitini na harusini kwa heshima, na heshima hiyo, kama tulivyoona, iliwagharimu wazee wetu. Lakini mchoro ukinakiliwa kiwandani, aliyeubuni hapati kitu. Bei ya kiwanda huivuta chini bei ya mkono, na binti humwona mama yake akishona miezi miwili kwa ujira usiotosha, akaamua kutojifunza. Sanaa hufa hivyo, bila kupigwa marufuku na mtu.

Dawa yake imo mikononi mwa mnunuzi. Huko Oman, ambako watu wengi wenye asili ya Unguja walihamia baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970, kofia ya namna hii huitwa kumma na ni vazi la taifa. Nako zimejaa kofia za mashine, lakini ile ya mkono bado hulipiwa bei kubwa, kwa kuwa wanunuzi wanaitambua. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hatunzwi na wasioijua ngoma yake.

Kwa hiyo twawashauri walimu walete darasani kofia mbili na kuzipindua nje ndani. Katika ile ya mashine, uzi wa chini huonekana umekwenda sawasawa mwanzo hata mwisho. Katika ile ya mkono, mwanafunzi ataona mahali fundi alipofunga fundo, alipoongeza uzi, na alipoanza tena siku ya pili. Akishajifunza kuisoma kazi hiyo, hataona tena kwamba bei yake ni ghali.