Mbuyu Ulipokuwa Mchicha

Wahenga waliponena kuwa mbuyu ulianza kama mchicha, wengi hudhani walikusudia kulinganisha ukubwa na udogo tu. Waingereza nao husema kuwa mialoni mikubwa hutokana na mbegu ndogo. Hata hivyo semi hizi mbili hazilingani. Mwingereza aliitazama mbegu ambayo bado haijawa kitu. Mswahili aliutazama mmea uliokwisha kuchipua, laini, wa kung'olewa na kutiwa chunguni.

Ukweli wa methali hiyo hudhihirika Mkonze, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma, katika nyanda kavu za Ugogo ambako mvua ya mwaka ni wastani wa milimita 570 hivi. Jani la mbuyu mzima limegawanyika mfano wa vidole vya mkono. La mche wake sivyo: ni jani moja, zima, kama la mboga, na mpita njia hupita asiutambue. Basi waliotunga methali hawakupiga chuku.

Mbuyu una washirika wake. Ua lake jeupe hufunguka jioni, na popo hulichavusha usiku. Mbegu zake zina ganda gumu; tembo alapo matunda, huzibeba tumboni na kuzitua mbali pamoja na samadi. Ajabu ni kwamba jina la Dodoma lenyewe, kwa masimulizi ya Wagogo, latokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia topeni.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Ugogo, ikilipa hongo ili ipewe njia na maji, kisha ikarejea na pembe kuelekea Bagamoyo na Unguja. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Kila pembe iliyoshuka jahazini ilikuwa ya mpanda mibuyu mmoja aliyetoweka.

Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa dhati, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji unapopanuka, mbuyu mkongwe huonekana, na pengine ramani ya viwanja ikaukwepa. Mche hauna mtetezi: mbuzi huula, jembe hulipita shina lake. Nao wakongwe hawadumu milele. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa, kusini mwa Afrika, katika mibuyu 13 iliyo mikongwe kuliko yote, 9 ilikuwa imekufa au kuangukiwa na mashina yake ya kale katika muda wa miaka 12 tu.

Kwa hiyo methali ina nusu ya pili isiyotamkwa. Anayetaka wajukuu wake wakae kivulini pa mbuyu Mkonze hana budi kuutambua leo, ungali mchicha, na kuuzungushia miiba.