Kutoka okapi wa Watalinga hadi visubi vya kakao: historia ya kamera inayolinda zamu peke yake

BENI – Mwaka 2008, kamera zilizofungwa kwenye miti ya msitu wa Watalinga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, wilayani Beni, zilimnasa okapi. Ziliwekwa na taasisi ya ICCN pamoja na Zoological Society of London. Picha hizo zilitangazwa kuwa za kwanza za okapi akiwa porini. Wambuti walimjua mnyama huyo tangu enzi za mababu, lakini wanasayansi wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901.

Ufundi wenyewe si mpya. Mwaka 1906 gazeti la National Geographic lilichapisha picha za George Shiras wa Marekani. Baadhi alizipata kwa kutega kamba: mnyama akiigusa usiku, kamera inajipiga yenyewe. Leo kamba imeachwa. Kamera inahisi joto la mnyama anayepita.

Kwa mdudu, hapo ndipo shida ilipo: ni mdogo mno, na joto lake halitofautiani sana na la majani. Kwa hiyo watafiti walibadili njia. Kamera inaelekezwa kwenye ua moja na kupiga picha kila baada ya muda mfupi, kutwa nzima. Kisha programu ya kompyuta, iliyofundishwa kwa maelfu ya picha, inatenganisha nyuki, nzi na kipepeo. Kazi iliyomlazimu mtu kukaa kando ya ua na daftari sasa inafanywa na mashine.

Jambo hili linaihusu Beni kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya ugonjwa wa kunyauka, trakeomikozi, kuangamiza kahawa ya robusta, wakulima wengi waligeukia kakao. Ua la kakao huchavushwa hasa na visubi vya milimita 1 hadi 3. Lisipochavushwa, hudondoka baada ya siku moja au mbili. Maua mengi sana ya mti mmoja hayatoi tunda.

Vanila nayo ina somo lake. Ilipotolewa Mexico na kupelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi, ilichanua bila kuzaa, kwa kuwa wadudu wake walibaki kwao. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha namna ya kuichavusha kwa kijiti na kidole. Hadi leo mkulima wa vanila anafanya vivyo hivyo, ua kwa ua. Hiyo ndiyo bei ya kukosa mdudu.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yamewafanya wakulima wengi wa Beni kuyahama mashamba yao. Kamera ingeweza kubaki zamu pale mtu asipoweza kubaki. Lakini inahitaji betri, na inahitaji mtu wa kwenda kuchukua picha. Tena, chombo kinachopiga picha shambani wakati wa vita lazima kwanza kielezwe kwa wenyeji na kwa viongozi wao, la sivyo kitaonekana cha kijasusi.

Wakati huo huo, visubi vinazaliana kwenye majani yanayooza na maganda ya kakao yenye unyevu. Mkulima anayefagia kila kitu chini ya miti na kuchoma moto, au kupuliza dawa ovyo maua yakiwa wazi, anawafukuza vibarua wasiodai mshahara. Kuwahifadhi hao hakuhitaji kungoja kamera ifike.