Tarehe ya Katuni za Visanduku Vinne Nchini Japani

Katuni fupi ambayo Wajapani huiita yonkoma, yaani kisa cha kuchekesha kinachoanza na kwisha ndani ya visanduku vinne vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini, ililelewa na magazeti. Mwaka 1902 Kitazawa Rakuten, anayehesabiwa kuwa Mjapani wa kwanza kuishi kwa kazi ya katuni, alianza kuchora ukurasa wa Jumapili katika gazeti la Jiji Shimpo, na wasomaji wakazoea kuwafuata wahusika wale wale kutoka toleo hadi toleo. Baada ya tetemeko la Septemba 1923 lililoiteketeza Tokyo, Aso Yutaka akawaletea wasomaji wa gazeti la Hochi baba mmoja mpole asiye na haraka, kwa kufuata mfano wa katuni ya Mmarekani George McManus.

Muundo uliokuja kutawala una asili katika ushairi wa kale wa Kichina: kisanduku cha kwanza hufungua jambo, cha pili huliendeleza, cha tatu huligeuza ghafla na cha nne hulihitimisha. Ufundi wote hupimwa katika kile cha tatu, kwa kuwa mgeuko ukitabirika kicheko hakiji, na ukiwa mbali mno na mambo yaliyotangulia msomaji hupotea.

Aliyeuweza mgeuko huo kuliko wote ni Hasegawa Machiko (1920–1992), mwanafunzi wa mchoraji Tagawa Suiho. Katuni yake Sazae-san ilianza Aprili 1946 katika gazeti la jioni la Fukuoka, ikahamia Asahi Shimbun, na ilipokoma mwaka 1974 ilikuwa imepita visa 6,000. Mhusika wake mkuu ni mama wa nyumbani mwenye pupa na sauti ya juu, anayeishi na mume, mtoto, wazazi na wadogo zake, wote wakiwa na majina yanayohusu bahari. Visa vya mwanzo vimejaa mgawo wa chakula na uhaba wa kila kitu, vya baadaye vimejaa vyombo vya umeme. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi Wajapani wa kawaida walivyotoka katika ufukara wa vita anaweza kujifunza mengi kwa kuvisoma. Hasegawa na dada yake Mariko walianzisha kampuni yao wenyewe ya kuchapisha vitabu vya katuni hiyo, uamuzi wa ujasiri mkubwa kwa wanawake wa wakati ule.

Waliofuata ni wengi, miongoni mwao Ueda Masashi, ambaye Kobo-chan yake iliingia Yomiuri Shimbun mwaka 1982, na Ishii Hisaichi, ambaye familia aliyoichora katika Asahi ilifanyiwa filamu na Studio Ghibli mwaka 1999. Wakati huo yonkoma ilikwisha kupata majarida yake yenyewe, na mwaka huohuo wa 1999 Azuma Kiyohiko alianza Azumanga Daioh, akiwafuata wasichana wa sekondari kwa miaka yao yote mitatu ya masomo, visanduku vinne kwa vinne, hadi mahafali yao.