Kiti cha mtoto garini

Kiti cha mtoto garini humshikilia abiria ambaye mkanda wa mtu mzima bado haumfai. Katika miaka ya 1960, Bertil Aldman wa Sweden alibuni kiti kinachotazama nyuma, akiiga wanaanga wa mpango wa Gemini wa Marekani waliolalia migongo chombo kiliporuka. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa shingo yake. Gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti hicho ndio hupokea kishindo, si shingo.

Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa hupanga viti kwa kimo, na hukataza kumgeuza mtoto atazame mbele kabla ya miezi 15. Wasweden wengi hungoja hadi miaka 4. Haraka ya wazazi kwingineko haina faida.

Kisha huja kiti cha kuinulia, ili mkanda upite begani na nyongani, si shingoni wala tumboni. Uingereza hudai kiti hadi sentimita 135 au miaka 12.